Mstari wa Labani kwa Uzi Mwekundu

Jumatatu, 3 Juni

Kitinda mimba wangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, kisha anahamia mji wa mbali. Nyumba yao ina chumba cha wageni. Kimoja! Na akina mama tuko wawili: mimi, na mama wa bwana harusi. Huyu kanisani tunamwita Sura Nzima, maana ukimsomea mstari mmoja atakurudisha juu uanze mwanzo hadi mwisho. Atakula nini yule binti kule? Nani atamkumbusha kufunga dirisha? Lazima nikiwahi kile chumba.

Njia nimeipata. Leo dukani nimeona kikombe cha mawaridi, kimezungushiwa maneno ya Biblia: Bwana aangalie kati yangu na wewe, wakati tusipoonana. Mwanzo 31. Nikalia palepale. Muuza vyombo akadhani bei imenichoma, akapunguza. Sikununua. Nitayatarizi kwenye kitambaa kikubwa cha ukutani. Bwana harusi akiyaamkia kila asubuhi, atasema mwenyewe: mama aje akae. Hiyo ndiyo akili!

Jumatano, 5 Juni

Nipo sakafuni. Nilitaka kupinda kingo za kitambaa, na cherehani iko kona ya giza. Baba watoto akasema nimsubiri amalize kunyoa ndevu tubebe wote. Nikamjibu kwa Neno: nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu! Nikainua. Kiuno kikalia kama bawaba.

Na nani akabisha hodi wakati huo? Sura Nzima, amekuja kupanga chakula cha Jumapili cha familia mbili. Nikakilalia kitambaa asikione. Akapiga magoti akanichua kiuno, huku akieleza kwamba Paulo aliandika yale akiwa kifungoni, akisema amejifunza kuishi na njaa na kuishi na shibe. Habari ya kunyanyua vyuma haimo. Nikamuuliza kwani Paulo aliijua cherehani. Akasema Paulo alikuwa fundi wa mahema, mizigo aliijua vizuri, na angeniambia nimsubiri mwenzangu.

Mikono yake ni laini. Inaniudhi.

Jumamosi, 8 Juni

Kimekwisha! Herufi nyekundu, mawaridi pembe zote nne. Binti yangu akakiangalia, akauliza kama nimeisoma hiyo sura. Nikamwambia asali hailiwi na mzinga wake. Akatabasamu, akaendelea kukunja nguo. Chumba chake kimebaki misumari tu ukutani. Nikatoka kwenda kuangalia kuku. Hatufugi kuku.

Jumapili, 9 Juni

Aibu! Aibu yenye miguu!

Tulipomaliza kula nilisimama, nikakifungua kitambaa. Makofi. Vigelegele. Bwana harusi akanibusu mkono. Chumba nikakiona hiki hapa. Kisha Sura Nzima akavaa miwani. Akasema ni kazi ya mikono iliyobarikiwa, lakini je, tusome kidogo kuanzia juu? Shemeji yangu, asiye na akili, akasema tusome.

Akasoma. Kumbe anayesema ni Labani, baba mkwe, akimwambia Yakobo, mume wa binti zake. Wamedanganyana miaka na miaka. Yakobo katoroka na familia yake bila kuaga. Mzee kawakimbilia, anapekua mahema, anatafuta miungu yake iliyoibwa, na binti yake mwenyewe ameificha chini ya tandiko la ngamia na kuikalia! Mwisho wanarundika mawe na kuapa: wewe usivuke kuja kwangu kwa ubaya, nami nisivuke kuja kwako. Hapo ndipo Labani anasema maneno yangu. Yaani, wewe sikuamini hata chembe, nikikupa kisogo Mungu akukodolee macho!

Bwana harusi akauliza kwa upole kama kuna kitu kimepotea nyumbani kwetu. Shemeji akataka kujua rundo la mawe litawekwa wapi, ili mama asije akavuka kwa bahati mbaya. Baba watoto alicheka hadi wakampiga mgongoni.

Lakini hapa naandika peke yangu, niseme kweli: yule mama anasoma! Kama mtu anayemenya chungwa, ganda lote linatoka bila kukatika. Ngamia nilimsikia akipumua. Watoto waliacha kugombana. Kama si kuwa mimi ndiye niliyekuwa nachinjwa, ningemwomba arudie.

Jumatatu, 10 Juni

Nilijifungia chumbani. Sura Nzima akaja na Biblia yake, akaketi ukingoni mwa kitanda. Akaniita dada. Akasema sikukosea sura, nimekosea mistari sita tu. Akaweka kidole mwishoni: asubuhi na mapema Labani akawabusu wanawe na binti zake, akawabariki, akarudi kwake. Yule mzee mgomvi, mjanja, mwisho alikuwa mzazi tu anayeaga.

Tukalia wote wawili. Kumbe naye anaondokewa. Sikuwahi kuliwaza hilo. Mwanamke mkubwa yule, na nimempa nafasi moyoni. Ila hapo pa "akarudi kwake" sikupapenda.

Binti yangu akaingia akasema kitambaa anakitaka vilevile, maneno ni ya Labani lakini uzi ni wa mama. Na chumba cha wageni ni cha mama wote wawili, watakapoitwa. Wakiitwa! Sura Nzima akaitikia amina. Alipoaga akanishauri nisome Ruthu, sura nne tu. Hicho ndicho kitabu chake tangu mwanawe achumbie. Sikuuliza kwa nini.

Jumatatu, 17 Juni

Harusi imepita salama. Kesho wanaondoka. Nimeapa kuanzia sasa nasoma sura nzima, na nitasoma. Ila leo nafasi haipo, nina foronya mbili za kumaliza kabla gari halijaja. Nimefungua Ruthu kama nilivyoshauriwa, na macho yakaangukia palepale: wewe uendako nitakwenda, na wewe ukaapo nitakaa. Uendako! Ukaapo! Tena kwenye mto, kila wakilala! Huko juu sijafika kujua huyu Ruthu anamwambia nani, lakini kwa utamu huo ni mama yake mzazi. Nani mwingine?

Sura Nzima amepita kuaga, akaziona foronya. Akasimama. Akavua miwani, akanikumbatia akitetemeka kwa kicheko na machozi, akasema tangu mama mkwe wa Ruthu hakuna mama mkwe aliyepewa heshima kubwa hivi, na kwamba mimi nina moyo wa ajabu. Nikamwambia foronya si zake, ni za binti yangu. Akacheka zaidi.

Maskini, kusoma sana kumemchosha.

Godoro langu nimeshalikunja.