Kenya na Uganda: Wapi Pazuri kwa Likizo

Ijumaa, 20 Desemba
Levis na kikundi chote cha mtaa wetu wa Burumba, hapa Busia, wameenda Mombasa. Bila mimi! Levis aliniambia gari limejaa. Leo ameweka picha kwenye status: kiti cha nyuma kimekaliwa na begi. Begi! Tena limefungwa mkanda. Sawa. Nimewaandikia kwenye grupu kwamba mimi, Quinton, naenda likizo nje ya nchi. Mombasa ni Kenya tu, hata chumvi ya bahari yake ni ya Kenya. Nitalinganisha Kenya na Uganda kitaalamu, nitangaze ipi bora, wafe na wivu. Hakuna aliyejibu. Bila shaka wamekosa maneno.

Jumamosi, 21 Desemba
Niko ng'ambo! Nimevuka Busia kwa njia ya panya, maana kitambulisho changu bado hakijatoka. Miwani nyeusi usoni. Rolex moto mkononi, ile chapati yao ya kuviringishiwa mayai, inachuruzika mafuta. Uganda, hongera! Nikawa natafuta pa kujipiga picha ya kitalii. Sauti ikaniita: We Quinton! Kuja unishikie huu mzigo! Mama Zilpa, jirani yangu wa ploti, alikuwa amevuka kununua vitunguu. Nikamweleza niko likizo. Akauliza likizo gani na jana aliniona nafua suruali. Nikarudi Kenya na gunia kichwani kabla rolex haijapoa.
Uganda, uzuri: chakula. Kasoro: imejaa Wakenya.

Jumapili, 22 Desemba
Akili ni mali! Nimehamia Malaba, hakuna anayenijua. Ni Kenya bado, lakini ukipiga picha ukielekea mpakani, malori yaliyo nyuma yako yana namba za Uganda. Nikaandika: Salamu kutoka ng'ambo. Aliyetazama ni mmoja, fundi wa simu niliyegombana naye.
Jioni nimeenda kwa Adeke, dada anayepika ajon, pombe ya wimbi ya Wateso. Chungu kinawekwa katikati, watu wanakizunguka, kila mtu na mrija wake mrefu, wanavuta huku wakipiga stori. Mimi nikaagiza chungu changu mwenyewe. Mtalii hachangii! Nikaomba mirija mingine mitatu, nikaiegemeza kwenye viti vitupu, nikapiga picha. Ukiitazama utasema wenzangu wameinuka dakika hii kwenda kucheza. Picha safi. Hakuna mtu aliyenisemesha jioni nzima.

Jumatatu, 23 Desemba
Tena chungu. Tena mirija. Watu wa Malaba hawana ukarimu kabisa. Wananisalimia kwa Kiteso kwa mbali, yoga boss, halafu wanazunguka viti vyangu kama vina misumari. Kwenye chungu cha jirani walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwa stuli. Na mimi nikacheka, kwa sauti kubwa kuwashinda. Sikuwa nimesikia kichekesho.

Jumanne, 24 Desemba
Adeke amekuja kuniongezea maji moto kwenye chungu, maana ajon hunywewa hivyo. Akauliza wenzangu watafika lini. Wenzangu gani? Akaonyesha mirija. Akasema huku mrija ukiwekwa kwa kiti, kiti hicho kina mwenyewe, na hakuna mtu atakikalia. Akaongeza kwamba Mzee Okiria, yule anayechekesha watu, ametaka kuja kuketi nami tangu juzi. Anasema huyu kijana anakaa kama ana stori. Ameogopa tu kunyang'anya wageni wangu nafasi.
Mzee mwenyewe akapaza sauti kutoka chungu cha jirani: Boss, toa hiyo mirija, ama wewe kuja huku, nafasi iko!
Moyo uliruka. Kweli uliruka. Magoti yalishaanza kunyooka yenyewe. Lakini ningemwambia nini? Kwamba hakuna mtu anakuja? Mimi? Nikamjibu asante mzee, wako njiani, ni foleni ya malori tu. Akasema basi, wakifika niwalete wote kwake. Nikaahidi.
Nikavuta mrija wangu. Halafu, Adeke asije akashuku, nikavuta kidogo kwa mrija wa pili.

Jumatano, 25 Desemba
Krismasi. Nimerudi Burumba. Ploti kimya, kila mlango na kufuli. Mama Zilpa ameenda kwa dada yake kule Matayos.
Mchana simu ikalia, ujumbe umeingia. Levis! Nilikaribia kuiangusha. Ameuliza kama nimeona chaja yake. Nikamjibu siwezi kujua, niko nje ya nchi. Akaandika: Sawa.
Sasa ripoti yangu. Nimezipima nchi zote mbili, na tatizo ni moja: watu wake hawajui kumkaribisha mgeni. Mwaka kesho ni Tanzania. Nasikia kule kuna ukarimu. Nitafika mapema, nichukue meza kubwa kuliko zote, na kila kiti nikivike koti, waone Quinton si mtu wa kukosa watu.