Ufunguo wa Ghala la Mvinyo

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe ametangaza! Jumamosi, mbele ya wakulima wote wa zabibu, atakabidhi ufunguo wa ghala la mvinyo. Hakusema kwa nani. Alimtazama shemeji, kaka wa mke wangu, kisha akanitazama mimi. Mimi alinitazama kwa muda mrefu zaidi. Mke wangu anasema ni kwa sababu nilikuwa nimekalia kofia ya mama yake.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji kaamka alfajiri kuosha mapipa. Kujipendekeza tu! Ila ghala lenyewe, lo, linatia heshima. Baridi, giza, harufu ya mbao na zabibu. Mama mkwe alipopanda mizabibu ya kwanza kwenye kilima hiki kikavu na kuifungia nyaya za kutambalia, majirani walimuuliza anafunga kamba za kuanikia nguo za nani. Leo kilima kizima ni mizabibu, na yote ilitokana na vipandikizi vyake. Aliwagawia bure, hata waliomcheka. Mwanamke yule! Nampenda kuliko ninavyothubutu kumwambia.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Pipa Kongwe, lenye mvinyo wa mavuno ya kwanza, limepungua. Mvinyo hupungua taratibu pipani, na kazi ya mwenye ufunguo ni kujazia. Shemeji hajaona. Aliyelala usimwamshe. Nikachota maji mapya ya zabibu, yale matamu yanayotoa povu, nikajaza hadi juu. Kizibo nikakigongelea kwa nyundo.

Ijumaa, 7 Machi
Pipa linaguna. Mke wangu kaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nimefanya kazi. Hapo ndipo alipoingiwa na wasiwasi.

Jumamosi, 8 Machi
Fedheha! Ghala limejaa wakulima, shemeji kavaa shati jeupe, mama mkwe kainua ufunguo. Nikajitokeza. Nikatangaza kuwa yupo mtu aliyelihudumia Pipa Kongwe bila kutumwa. Nikalipiga kofi la upendo.

Puu! Kizibo darini, mvinyo juu ya shati jeupe, juu ya wakulima, juu yangu. Mama mkwe akauliza ni nani aliyetia maji ya zabibu yanayochachuka na kutoa gesi kwenye pipa lililofungwa. Hakuna aliyenitaja. Walinitazama tu.

Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Akasema mwaka wa kwanza naye alifanya kosa hilohilo. Kizibo kikatoboa paa, akalia wiki nzima, majirani wakaja kuangalia tundu. Halafu akaanza upya. Akaonja kilichobaki pipani, akafumba macho, akasema kitapona kikiachwa kipumue.

Ufunguo akampa shemeji. Mimi akanipa tambara. Nilitaka kununa, nikashindwa. Nilipiga deki huku machozi yakinitoka kwa fahari ya kuoa katika nyumba ile.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari kwa kina. Mama mkwe alianza kwa kulipua pipa. Mimi nimelipua pipa. Shemeji hajawahi kulipua kitu maishani mwake! Mrithi ni nani, kama si mimi?

Yapo mapipa mengine. Mke wangu kaificha nyundo. Si neno, hata jiwe litafaa.