Nilivyotimiza Miaka Ishirini na Saba kwa Siku Moja

Jumatatu, 6 Machi 1967

Mwalimu mwenzangu Mokaya amepata nafasi Chuo Kikuu. Barua yake ameisoma kwa sauti mara tatu ofisini kwa walimu, mara ya tatu akimsomea mama anayetuletea chai, ambaye Kiingereza hajui. Mokaya ana Kidato cha Sita na prinsipo mbili, yaani masomo mawili aliyofaulu kwa kiwango cha juu, kwa hiyo anaingia kwa mlango wa mbele. Mimi nina Kidato cha Nne, daraja la tatu, na akili nyingi kuliko yeye. Lakini akili nani anapima?

Jioni nimenunua robo ya sukari sokoni Migori. Gazeti lililofungia sukari lilikuwa na tangazo la Chuo. Kumbe kuna mlango wa pili! Wanauita njia ya watu wazima. Kidato cha Sita hakitakiwi. Inatakiwa uwe umetimiza miaka ishirini na mitano, uwe na cheti cha Kidato cha Nne, na kama huna cheti cha kuzaliwa, ulete barua ya chifu ya kuthibitisha umri. Mahojiano Homa Bay, Ijumaa tarehe 17. Mwenye duka alikuwa amechana sehemu ya chini ya tangazo. Haidhuru. La muhimu nimelisoma.

Tatizo moja dogo. Nina miaka ishirini na mitatu.

Hivi nani aliwaambia kwamba akili humwingia mtu siku anapofikisha ishirini na mitano? Inaingia asubuhi au baada ya chakula cha mchana? Hii ni sera ya kuonea watu. Mwenye Kidato cha Sita huingia akiwa na miaka kumi na tisa, ndevu hana, na hakuna anayemwuliza lolote. Mimi naambiwa ningoje nikomae. Sitangoja.

Jumatano, 8 Machi

Nimepata njia. Cheti cha kuzaliwa sina. Huku kwetu hakuna aliye nacho. Kwa hiyo umri wangu ni ule ambao mzee wa ukoo atautaja mbele ya naibu chifu. Na mzee wetu ni Baba Mdogo Machuki, mdogo wake marehemu baba.

Baba Mdogo alikwenda vitani, kisha akabaki Nakuru kwenye mashamba ya wazungu, hakurudi hadi 1952. Alipofika alikuta wavulana wawili wakipigana uani. Mmoja mnene, mmoja mwembamba. Mnene nilikuwa mimi. Mwembamba alikuwa kaka yangu Nchagwa, aliyenizidi miaka mitatu lakini malaria ilikuwa imemmaliza. Hadi leo Baba Mdogo husema kwamba siku ile alidhani mimi ndiye mkubwa.

Nimekwenda kwake na majani ya chai. Nikamwambia kwamba macho yaliyoona vita hayawezi kukosea, na huenda watu wa nyumbani ndio waliochanganya. Akafikiri sana. Akasema kweli, hata yeye lilimsumbua. Nikamwambia tuseme nilizaliwa 1940, niwe na ishirini na saba.

Ishirini na mitano ingetosha. Lakini hawa wenye Chuo siwaamini. Wakipunguza kidogo je? Miwili nimeiweka ya akiba.

Ijumaa, 10 Machi

Baraza. Naibu chifu Monari alijifanya mkali. Alisema haandiki barua ya serikali kwa maneno ya njiani, mzee asimame aape. Baba Mdogo akasimama. Watu walikuwa wengi na yeye hupenda watu. Akaapa kwa kaburi la baba yangu kwamba Mirumbe, yaani mimi, ndiye kifungua mimba wa marehemu kaka yake, nimezaliwa 1940, na kama si kweli basi kaburi hilo limfuate yeye na watoto wake.

Kaburi sikumwomba. Nilitaka kiapo cha kawaida.

Mama alikuwa ameketi nyuma pamoja na wanawake. Aliinua mkono. Monari akatazama saa, akasema baraza limefungwa. Muhuri ukapigwa. Nina miaka ishirini na saba, na sijisikii tofauti hata kidogo, jambo linalothibitisha kwamba sera yao ni ya kipuuzi.

Mokaya amesikia. Akanishauri nitafute gazeti zima nisome tangazo hadi mwisho. Wivu huo. Anaogopa tukutane huko, mimi mtu mzima, yeye mwanafunzi.

Jumapili, 12 Machi

Baba Mdogo amekuja asubuhi na wazee watatu wa ukoo. Nilidhani wamekuja kunipongeza. Nikawapa viti.

Alisema tangu Ijumaa hajala vizuri. Kiapo cha kaburi si cha kuweka kwenye karatasi tu. Ikiwa kwenye karatasi mkubwa ni mimi, na hapa nyumbani mkubwa ni Nchagwa, basi kuna mahali uongo umekaa, na kaburi litautafuta mpaka liupate. Ana watoto sita. Kwa hiyo alichoapa lazima kiwe. Kuanzia leo mkubwa wa boma hili ni mimi. Nitakalia kigoda cha baba. Nyama ya mkubwa ni yangu. Nchagwa atanifuata nyuma.

Nikasema sawa. Kigoda ni kizuri.

Kisha akafika kwenye ng'ombe. Dada yetu Rispa aliolewa mwaka jana, na ng'ombe wa mahari yake wameshapelekwa kwa baba yake Helen, mchumba wa Nchagwa. Lakini mkubwa ndiye huoa kwanza. Mkubwa ni mimi, na ng'ombe wameshafika kule. Kwa hiyo, akasema Baba Mdogo, Helen ni wangu.

Simtaki Helen. Ni msichana mzuri lakini huuliza maswali. Niliuliza kama hakuna njia nyingine. Akasema iko moja tu. Nisimame barazani Ijumaa, niseme kwa mdomo wangu kwamba nilimdanganya. Hapo kiapo kitaanguka, na Monari atairarua barua.

Nimekataa. Barua ina muhuri.

Nchagwa alisikiliza yote akiwa amesimama. Akaenda kufunga maksai wa kulima. Siku ya Jumapili!

Najua kwamba Nchagwa aliacha shule darasa la nne ili alime mimi nisome. Hakuna haja ya mtu kunikumbusha. Nimejikumbusha mwenyewe mara mbili leo. Nikitoka Chuo nitamnunulia redio.

Jumanne, 14 Machi

Helen amekuja shuleni katikati ya somo la hesabu. Akasimama mlangoni, darasa la tano lote likageuka.

"Shemeji," alisema, "Nchagwa nimemngoja miaka mitatu. Wewe sikukungoja hata siku moja."

Aliniomba niende barazani Ijumaa niseme ukweli. Baba yake hataki binti anayegombewa na ndugu wawili, na akisikia bado kuna mzozo atavunja uchumba kabisa. Nikamwambia Ijumaa nina safari ya Homa Bay. Nikamweleza sera ya Chuo. Nilichora milango ubaoni kwa chaki: huu wa Kidato cha Sita, huu wa watu wazima, huu wa wageni kutoka nje. Nikamwonyesha mahali ambapo mtu kama mimi ameachwa nje kwenye mvua. Nilieleza vizuri sana.

Akatazama mchoro. Akauliza, kama aliyenionea ni Chuo, mbona fimbo inampata yeye na Nchagwa?

Darasa lilicheka. Nimewapa hesabu ishirini za kugawanya. Swali lake halina mantiki. Nimelifikiria hadi jioni na bado sijaona mantiki.

Alhamisi, 16 Machi

Nimefika Homa Bay. Nimepata chumba nyuma ya duka la nyavu. Mbu wa ziwani hawajui umri wa mtu.

Nimevaa koti la Nchagwa, lile aliloshonesha kwa ajili ya harusi. Mtu wa miaka ishirini na saba hawezi kwenda mbele ya wakubwa na sweta. Sikuomba. Mkubwa haombi. Nilipolitoa msumarini Nchagwa alikuwa mlangoni. Akaniambia lina uzi umefunguka begani, nisiinue sana mkono.

Nimejizoeza kukohoa kidogo kabla ya kujibu. Wazee hufanya hivyo.

Ijumaa, 17 Machi

Watu kama ishirini walifika. Kweli ni wazima. Kulikuwa na katibu wa chama cha ushirika cha pamba mwenye mvi, na mkunga mmoja, Bi Dolphine, ambaye amezalisha wanawake miaka kumi na minane. Nilikaa kati yao nikakohoa. Bi Dolphine akanipa peremende.

Kabla ya kuhojiwa unapita kwa karani wa makaratasi, dada anayeitwa Filister. Alisoma barua ya naibu chifu. Umri sawa, akasema. Nikachangamka. Akachukua cheti changu cha shule. Novemba 1964. Akatoa tangazo zima, halijachanwa, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Mwombaji awe ametoka shuleni kwa muda usiopungua miaka mitano.

Mimi nina miwili na miezi minne.

Nilisimama. Nikasema huu ni uonevu uliopangwa. Kijana akija mnamwambia hajazeeka, akishazeeka mnamwambia hajazeeka kwa muda wa kutosha. Nikasema mlango gani huu wenye kufuli mbili. Nikainua mkono, bega la koti likachanika. Wote walikuwa wananitazama. Bi Dolphine akaniomba kwa upole nikae, ana wajawazito wawili wanamngoja Rangwe.

Filister hakukasirika. Alisema nirudi 1970, miaka mitano itakuwa imetimia. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, kweli kweli, mwalimu, una miaka mingapi? Nikasema ishirini na saba. Akasema basi. Alifikiri labda nina ishirini na mitatu hivi, kwa maana wa ishirini na mitatu akingoja hiyo 1970 angetimiza masharti yote mawili bila barua wala kiapo cha mtu.

Nikamwambia nina ishirini na saba kwa muhuri wa serikali. Nikatoka.

Jumamosi, 18 Machi

Nimefika nyumbani saa nane mchana. Shambani nilimkuta mama akiongoza maksai, na plau ameishika mtoto wa jirani asiyeweza hata kuigeuza. Nikauliza Nchagwa yuko wapi.

Wamekwenda, yeye na Helen. Jana walikaa barazani hadi adhuhuri, wamevaa nguo safi, wakidhani labda nitaghairi safari na kutokea. Monari alipofunga baraza wakashika njia ya mpakani. Sasa wako Tarime kwa mama mkubwa. Baba yake Helen amesema hamtambui Nchagwa kama mkwe. Binti amechukuliwa na asiyestahili, na ng'ombe harudishi hadi ukoo wetu ujue nani ni nani. Nchagwa hatakanyaga huku mambo yakiwa hivi.

Mama alisema sentensi moja tu. "Nimewazaa mimi wote wawili, na hakuna mtu aliyeniuliza nani alitangulia." Kisha akarudi mbele ya maksai.

Nilishika plau. Mimi ndiye mkubwa. Mistari imekwenda upande, na maksai walisimama kila mara wakigeuza shingo kumtafuta mtu mwingine. Mikono imetoka malengelenge, naandika kwa shida. Nimeketi kwenye kigoda cha baba na nyumba imenyamaza. Nataka kuandika wazi, kwa kuwa daftari hili ni langu: namtaka kaka yangu. Nilidhani angenigombeza. Angenigombeza ningejua la kumjibu.

Lakini pia yeye angenielewa. Mtu haondoki hivi hivi bila kusikiliza upande wa sera.

Jumapili, 19 Machi

Baba Mdogo ametuma ujumbe. Ijumaa kuna baraza. Nikisema sentensi moja, nilidanganya, kila kitu kitarudi mahali pake. Nchagwa atarudi, baba yake Helen atawapokea, watoto sita watalala salama. Mama naye amesema. Sentensi moja, mwanangu, na hiyo 1970 si mbali.

Nimepiga hesabu. Filister alisema kweli. Nikingoja, nitaingia kwa umri wangu wa kuzaliwa, bila deni kwa mtu yeyote, hai wala aliyekufa. Nimeikagua hesabu hiyo mara mbili na haina kosa.

Lakini 1970 Mokaya atakuwa anatoka Chuo. Mimi nikiingia getini, yeye anatoka na joho, ananipungia mkono. Haiwezekani. Bora niungue.

Na nikitazama kwa makini, nimekaribia sana. Masharti ni mawili. La umri limekwisha, lina muhuri. Limebaki hili la mwaka wa kutoka shuleni. Cheti changu ni karatasi, na karatasi hunyeshewa. Tarakimu ya mwisho ya 1964 ikinyeshewa kidogo, haitasomeka. Hapo Chuo watataka barua ya kuthibitisha kwamba nilitoka shuleni 1961. Mwalimu mkuu wetu wa wakati ule amesharudi kwao Ulaya. Aliyenibebea sanduku siku ya kufunga shule ni Baba Mdogo.

Nimemwambia mama ninakwenda kwa Baba Mdogo kuzungumza habari ya baraza la Ijumaa. Si uongo. Mama akaweka chini ungo. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nirudi, kisha akanishika kichwa kwa mikono yote miwili kama nilipokuwa mdogo. Akaweka makaa kwenye pasi akanipigia shati. Nasikia anaimba jikoni.

Ameshamtuma mtoto wa jirani Tarime, amwambie Nchagwa arudi kabla ya Ijumaa, yamekwisha. Sikumzuia. Safari hii Monari atataka mashahidi wawili, na Baba Mdogo ni mmoja tu.