Tadaa ya Mwanyumba

Jumatatu, 4 Machi

Leo mwanyumba wangu kapigiwa makofi kazini. Makofi! Kwa kochi! Tena kochi lenyewe la kawaida tu: la nesi wa zahanati, kitambaa cha kijani, mito miwili. Lakini alikuwa kalifunika shuka. Nesi alipoingia, jamaa akashika pembe ya shuka, akasubiri kidogo, akavuta, akasema, "Tadaa!" Nesi akaruka, akapiga makofi. Mama mkwe, ambaye karakana ni yake tangu mzee afariki, akacheka pale mlangoni mpaka kilemba kikalegea.

Mimi nimeoa dada mkubwa, yeye kaoa mdogo. Mimi ufundi wa makochi nilifundishwa na mzee mwenyewe. Yeye kaja juzijuzi na shuka lake. Miaka yote hii, makofi pekee niliyowahi kusikia karibu yangu ni ya watu wanaoua mbu.

Nimemwambia mke wangu sina hamu ya kula. Kasema sawa, akafunika chakula. Nimekila baadaye, chote.

Jumanne, 5 Machi

Nimejaribu "Tadaa". Mwenye duka la vyombo kaja kuchukua stuli yake. Ilikuwa juu ya meza, mbele ya macho yake. Nikasimama kando, nikanyoosha mikono, nikasema, "Tadaa!" Akageuka kutazama nyuma yake. Nikarudia kwa sauti zaidi. Akauliza kama nimejikata. Mwanyumba kaja mbio na kitambaa safi cha kufungia kidonda. Huruma yake inanichefua.

Alasiri mama mkwe katuita. Kasema miguu imechoka, na mwisho wa wiki atamkabidhi mmoja wetu funguo za karakana awe msimamizi. Hakusema nani. Lakini alikuwa anamtazama mwanyumba. Au labda dirisha lililo nyuma yake. Sikupenda.

Msimamizi ni mimi. Nani mwingine? Nimeijua karakana hii tangu ilipokuwa na turubai badala ya mlango.

Jumatano, 6 Machi

Utafiti. Mwalimu wa Kiingereza kapita kuulizia bei, nikamshika. Kasema "Tadaa" si neno hasa, ni mlio. Wenye lugha yao wanaiga tarumbeta ya maonyesho, ile inayolia pazia linapofunguliwa. Ni kama kusema haya, tazameni. Hausemwi kwa kitu ambacho mtu keshakiona. Sharti kwanza kifichwe. Na husemwa palepale kinapofichuka, si kabla wala baada. Sharti la mwisho, kitu chenyewe kiwe kinastahili tarumbeta. Hilo sikulitilia maanani. Mwalimu ana kinyongo nami tangu nilipomrudishia kiti chenye mguu mmoja mfupi.

Kwa hiyo siri ni kuficha! Ndiyo maana stuli ilikataa.

Nimemweleza mke wangu. Kanijibu kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamuuliza yuko upande wa nani. Kasema upande wa atakayeosha vyombo. Nimeviosha.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepewa mimi! Mama mkwe anataka kiti cha marehemu, kile alichokuwa anapumzikia jioni, kivalishwe upya. Kasema nivue kitambaa cha zamani chote mpaka mbao, nikitupe, asikione tena. Jumamosi ataalika ukoo waje kukiona. Nani asiyeelewa? Huu ndio mtihani wa funguo. Mwanyumba kanipongeza, kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mtu wa namna hiyo anatafuta kitu.

Nimeanza kuvua. Mzee alikuwa anagonga misumari utadhani anafunga jela. Nimeng'oa kidogo, ukucha umevunjika. Nimekaa chini nikatafakari. Kitambaa kipya kitakuja juu. Cha chini nani atakijua? Nimekiacha.

Ijumaa, 8 Machi

Kiti kimependeza. Mahameli nyekundu, imenyooka, haina kunyanzi. Nimekizunguka nikitabasamu peke yangu.

Tatizo ni macho ya mwanyumba. Leo kapita hapa kwenda kunywa maji mara nyingi mno kwa mtu asiye na homa. Akikiona atakisimulia, na "Tadaa" yangu itakufa kifo cha stuli. Nimechukua shuka la mke wangu, lile la maua la kutandikia wageni, nimekifunika. Mwanyumba kanishauri nilifunge kwa kamba tu, kamba inatosha. Inatosha kwa nani? Kwa anayetaka kuifungua!

Nimechukua mashine ya pini, nimelibana shuka kwenye mbao, juu ya ukingo wa mahameli, kuzunguka kote. Bahati nzuri pini zilikuwepo, maana kwenye mahameli yenyewe nilitumia chache tu.

Jumamosi, 9 Machi

Ukoo wote ulikuja. Shemeji, mashangazi, mpaka wajomba ambao huwa hawaji bila kuitwa mara mbili. Mama mkwe kakaa mbele. Nikashika pembe ya shuka. Nikasubiri, kama anavyosubiri yeye. Nikavuta. Likagoma. Nikaweka mguu kwenye kiti, nikavuta kwa nguvu zote. Likaja.

Likaja na mahameli. Vyote pamoja, kwa mpasuko mmoja mrefu. Na mdomo wangu, uliofanya mazoezi wiki nzima, ukasema, "Tadaa!"

Mbele yetu kilikuwa kiti cha mzee na kitambaa chake kilekile cha kahawia. Mkono wa kulia umesagika pale alipokuwa anaegemeza kiwiko. Doa la chai lipo. Mama mkwe akainuka, akapapasa pale penye kiwiko, akakaa, akalia. Kasema aliagiza kivuliwe kwa sababu aliogopa kukitazama, halafu tangu jana moyo unamsuta, akidhani nimeshakitupa. Kasema kiachwe hivyohivyo. Ukoo mzima ukapiga makofi.

Makofi! Nikainama kuyapokea. Kumbe yalikuwa ya mzee. Keshafariki na bado ananizidi. Nimemwonea wivu, Mungu anisamehe.

Kisha mama mkwe kanishika kichwa, kanishukuru kwa uvivu wangu. Kwa neno hilohilo, mbele ya watu. Kasema Mungu anibariki kwa uvivu ule, ila karakana haiendeshwi kwa uvivu. Akatoa funguo, akampa mwanyumba.

Mwanyumba hakusema "Tadaa". Alifuta macho, akaniita kaka, akaniomba nisimwache peke yake kwenye kazi. Nilitaka kumchukia vizuri, akaniharibia. Nimekwenda nyuma ya karakana, nimelia kidogo. Zile funguo mzee alikuwa ananiachia mimi akienda sokoni.

Nitaandika kwamba ni vumbi la sponji.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu kaliangalia shuka lake kwenye mwanga. Tangu hapo ananiita fundi, na hanipi chai.

Nimetulia, nimefikiri, nimeona mambo wazi. "Tadaa" niliisema mahali pake. Hata mwalimu angekubali. Watu walilia na makofi yalipigwa, tena mengi kuliko ya nesi. Na yaliletwa na nini? Na kitambaa cha zamani. Mwanyumba huvua kila kitu mpaka mbao, maskini, ndiyo maana kwake hajawahi kulia mtu.

Kesho mwalimu analeta kochi lake. Kasema lina kunguni, nilivue lote, kitambaa nikichome. Ndivyo wanavyosema wote, halafu wakikiona wanatokwa na machozi ya furaha. Sitavua kitu.

Mashuka yamefichwa, kwa hiyo nitachukua pazia la sebuleni. Pini nimeshatafuta, zile ndefu zaidi.