Ombi la Kuwazuia Marafiki Kupita Njia ya Majabalini

Kwa Msimamizi,
Njia ya Miguu ya Majabalini.

Ndugu Msimamizi,

YAH: MARAFIKI WASIRUHUSIWE KUPITA LANGONI KWAKO WAKIWA PAMOJA

Mimi ni karani mstaafu wa mahakama. Kwa miaka thelathini na moja nimeandika maneno ya wezi, wazushi na mashahidi wa uongo, nikadhani nimeshaona kila aina ya binadamu. Kumbe nilikuwa sijapanda majabali saa sita mchana nikiwa na marafiki zangu.

Sina ugomvi na njia yenyewe. Mandhari yanapendeza, bahari iko pale pale mlipotangaza, na jua, ingawa lilituchoma bila huruma, halijawahi kudai kwamba ni rafiki yangu. Malalamiko yangu yanawahusu wanawake watatu niliofuatana nao Jumamosi iliyopita, ambao karani wako wa langoni aliwapitisha bila hata kuwauliza wananifahamu tangu lini.

1. Wa kwanza ni Mwalimu wa Jiografia. Huyu alijiteua kuwa kiongozi, akaikataa ramani aliyopewa langoni. "Bahari ikiwa mkono wa kushoto, mtu hapotei," alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia kuwafelisha watoto wa watu. Baada ya saa moja bahari ilikuwa mkono wa kulia. Baada ya saa ya pili hatukuiona kabisa; tulikuwa tunazunguka kwenye vichaka vya miiba, nyuma ya tangi lenu la maji. Nilipomwonyesha kosa lake alinijibu kwamba pwani hiyo imekaa vibaya.

2. Wa pili ni Fundi Cherehani. Alitushonea kofia nne za sare kwa mabaki ya mapazia ya ukumbi wa harusi. Ndugu Msimamizi, ilikuwa mahameli nyekundu, tena yenye bitana. Kichwa changu kiliiva humo kama kiazi kwenye majivu. Nilipoivua alininunia, nikaivaa tena. Watu wenye akili zao tuliokutana nao walitupisha kwa heshima, wakidhani sisi ni dhehebu.

3. Wa tatu, Mfamasia. Mkoba wake ulijaa dawa za kuharisha, za kutapika na za mzio, bendeji, kipimajoto na mkasi, na kila tulipopanda mlima alitusomea dalili za mtu aliyeishiwa maji mwilini. Maji yenyewe hakubeba, kwa maelezo kwamba mkoba ulikuwa mzito. Tukagawana naye yetu, yakaisha kabla ya saa saba.

4. Hapa naomba usome ukiwa umekaa. Tulipumzika kwenye kivuli cha mwamba ambacho kisingemtosha hata mbuzi. Nikasema, kwa upole ninaofahamika nao, kwamba heri ningebaki nyumbani. Fundi akavua kiatu, akakung'uta mchanga, akasema bila kunitazama: "Nyumbani ufanye nini, mwenzetu? Tangu ustaafu umekuwa kama kesi iliyoahirishwa. Mapazia hufungui, simu hupokei. Tumekutoa kwa hila, na bado unatuandikia makosa."

Wale wengine wawili wakainamisha vichwa. Nikaelewa kwamba shauri langu lilikwisha kusikilizwa kikaoni, mimi mwenyewe sipo! Hata mwizi wa kuku huitwa kwanza akasomewa shtaka.

5. Niliinuka nikaenda zangu peke yangu. Natambua kwamba mtu mzima hapaswi kupanda jabali kwa hasira, jua likiwa utosini, bila tone la maji. Lakini hasira hiyo ningeipata wapi kama si kwa marafiki? Mtu nisiyemjua hana uwezo wa kunikasirisha kiasi hicho. Kwenye kona ya juu miguu ilikataa amri, macho yakaingia giza, nikaanguka hatua nne kutoka ukingoni. Hatua hizo zilipimwa baadaye na Mwalimu, na ndicho kipimo pekee alichopatia siku hiyo.

6. Namna walivyoniokoa nailalamikia vikali. Mwalimu, mwenye goti bovu, alikimbia mpaka kwenye tangi, safari hii bila kupotea, akarudi na maji ndani ya kofia, nusu yakiwa yamemvujia miguuni. Mfamasia alimwaga dawa zake zote chini, akauweka mkoba chini ya miguu yangu, akanipiga makofi mashavuni huku akipiga kelele: "Fumbua macho, mwanamke wee! Nani atatusahihisha?" Fundi yeye alinililia kwa sauti, akisema ni ulimi wake ulioniua. Kumlilia mtu aliye hai ni kinyume cha utaratibu wowote ninaoujua. Nilifumbua macho ili nimnyamazishe, nikamwona kamasi zimemfika kidevuni, na bila kukusudia nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu siku niliyokabidhi funguo za ofisi. Mbavu zinaniuma hadi leo, na maumivu hayo hamkuyataja popote katika tangazo lenu.

Kwa hiyo naomba karani wako aulize kila kundi kama wanafahamiana. Waliofahamiana mwaka mmoja waonywe. Wa miaka kumi wapite mmoja mmoja, wakiachana saa nzima. Wa miaka ishirini na kuendelea warudishwe makwao chini ya ulinzi. Maadui wapite bila masharti, kwani adui hukuacha uanguke kwa amani, wala hajali kama umefungua mapazia.

Salamu kwa wote ofisini kwako, na kwa fundi anayepaka rangi mishale ya njiani. Mwambie mishale yake ilikuwa sahihi; ni sisi tuliokuwa na mwalimu.

Nasubiri uamuzi wako kwa maandishi,

Karani Mstaafu

Tanbihi: Naomba amri hii isianze kutumika kabla ya Jumapili ya wiki ijayo. Jumamosi tunakuja tena, wote wanne, alfajiri kabla jua halijachachamaa. Lakini kama karani wako atakuwa ameshaagizwa, hapana neno: tutaapa mbele yake kwamba hatujawahi kuonana. Nitaapa mimi wa kwanza, kwa kuwa maneno ya kiapo nayajua bila kusoma.