Uwakala wa Trekta Kisegi

Jumatano, 5 Machi 2025
Kampuni inatafuta wakala wa trekta za mkono hapa Kisegi. Masharti: stoo yenye mlango wa chuma, fundi, vipuri, shamba la maonyesho na amana. Nimeuza ng'ombe wa mke wangu Risper, nikalipa amana na kodi ya stoo. Risper ameapa ng'ombe asiporudi, yeye atarudi kwao. Mpinzani ni mmoja tu, Mama Nyasuguta mwenye duka la mashine. Vipuri vyake vimejaa hadi darini. Ukitaja nati, mkono wake unaifikia bila hata kuangalia. Mama yule namheshimu sana. Lakini lazima nimshinde.

Alhamisi, 6 Machi
Vipuri havishikiki bei. Nimeokota maboksi matupu nyuma ya duka la Nyasuguta, nikayapanga kwenye rafu. Stoo imependeza hadi nikajiogopa. Mkaguzi wa kampuni, Bwana Cephas, amepiga simu kuuliza aje lini. Nikasema Jumamosi. Nyasuguta ni Msabato, siku hiyo Cephas atakuta kufuli dukani kwake. Akili ninazo jamani.

Jumamosi, 8 Machi
Cephas amesifu rafu. Alipouliza fundi yuko wapi, nikasema ndiye mimi. Tukaenda shambani na trekta aliyokuja nayo. Kabla ya kumaliza mstari wa kwanza, mkanda wa mashine ukakatika. Akasema si neno, nitoe mwingine stoo. Nikafungua boksi moja baada ya jingine mbele yake, labda Mungu ameweka kitu. Hewa tupu. Kisegi nzima mkanda uko kwa Nyasuguta, na Nyasuguta yuko kanisani.

Risper akaenda kumngojea mlangoni pa kanisa. Jua lilipozama na Sabato kuisha, mama akaja na mkanda, bado yuko na nguo za ibada. Akaufunga, akawasha, akalima mistari miwili iliyonyooka, kisha akanipa pole. Mimi nilijikuta napiga makofi.

Jumatatu, 10 Machi
Uwakala ni wa Nyasuguta. Ameustahili, nasema bila kinyongo. Tena ameniombea kwa Cephas, nimerudishiwa amana yote. Risper ameniamuru nimkomboe ng'ombe leo kabla ya chakula cha mchana.

Nitamkomboa. Ila nimesikia kisiwani Rusinga wanatafuta wakala wa pampu za maji. Nimemwomba Nyasuguta maboksi, safari hii makubwa. Akauliza ya nini, nikasema ya vifaranga. Mkaguzi wa pampu naye ameuliza aje lini. Nimemwambia Jumamosi.