Ombi la Kukata Kombe kwa Msumeno

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Ligi ya Mpira wa Magongo,

Kwanza shikamoo, maana umri ni umri hata kama uamuzi ni mbovu. Sisi huku wote hatujambo, isipokuwa mimi.

Mimi ni seremala, tena beki wa kushoto wa Timu ya Mafundi. Nakuandikia kwa heshima zote kuhusu kombe ulilowakabidhi Timu ya Hospitali. Kipa wao ni dobi wa hapo hospitalini na, kwa bahati mbaya, ni dada yangu wa tumbo moja. Watu wa maji walipouchimba uwanja kupitisha mabomba yao, ligi ikaishia raundi ya kwanza, nawe ukatangaza kwamba aliye juu ndiye bingwa. Jamani! Malalamiko yangu ni haya:

1. Nikikuletea meza yenye miguu miwili, utaipokea? Si utanifukuza na meza yangu? Basi msimu wa raundi moja ndio huo.

2. Timu yetu ina desturi yake, na kila mtu anaijua. Raundi ya kwanza tunafungwa ili tuwasome wapinzani. Raundi ya pili ndipo tunaamka. Mwaka huu tuliwasoma vizuri kuliko miaka yote, hata tukashika mkia. Ulipoikata ligi ndio kwanza tulikuwa tunapiga miayo.

3. Nyumbani hakukaliki. Kombe limewekwa katikati ya meza ya chakula, meza niliyoiranda kwa mikono yangu mwenyewe, na nikitaka chumvi sharti niinuke nilizunguke. Mama, ambaye mpaka leo hajui goli linahesabiwaje, anawaambia majirani kwamba ana watoto wawili: bingwa, na yule mwingine. Yule mwingine ndiye mimi.

4. Najua utasema dada amekaa golini tangu usichana wake bila kuonja hata medali, magoti yamekwisha, na daktari amemkataza asicheze tena. Ni kweli, na inaniuma sana. Lakini kanuni ni kanuni.

5. Kama nusu ni kitu kizima, basi nami nina haki zangu. Mwaka jana nilimposa yule mshonaji wa mtaa wa pili, mambo yakaishia katikati. Kwa hesabu zako mimi ni mume wa mtu. Naomba kamati inisindikize kwa mke wangu.

Ombi langu ni dogo tu: kombe likatwe. Msumeno ninao, na kazi nitaifanya bure. Hospitali wachukue upande mmoja, na mkono wake. Upande wa pili ungoje mabomba yafukiwe.

Naweka kalamu chini kwa adabu zote. Nisalimie mama watoto, katibu, mweka hazina na mkata nyasi wa uwanja. Refa msalimie kwa mbali.

Ni mimi mwenye uchungu,
Beki wa Kushoto

Nyongeza: Nilikwenda kutafuta bahasha, kurudi nikamkuta dada ameisoma barua hii. Amelifuta kombe, amelifunga kwa kitambaa, na sasa anavaa viatu alirudishe kwako kwa magoti yake hayo hayo. Nimefunga mlango, ufunguo uko mfukoni mwangu. Mwenyekiti, ile ligi ilikuwa ndefu kabisa. Atakayekuja kulichukua hilo kombe atanikuta mlangoni, na gongo langu la mpira ninalo mkononi.